Je, Wajua? Koma Iliyopiganiwa Mwaka Mzima

Sogea kidogo nikae, maana nina mambo ya misitu yananichemka kifuani na siwezi kuyabeba peke yangu. Je, wajua kwamba mataifa ya dunia yaliwahi kuvutana mwaka mzima juu ya alama moja ya uandishi? Desemba 2007, huko Bali, Indonesia, wajumbe wa mkutano wa tabianchi waliandika sentensi moja kuhusu misitu ya nchi zinazoendelea, na katikati yake wakaweka nukta mkato. Desemba 2008, huko Poznań, Poland, nukta mkato ile iling'olewa, ikapandwa koma.

Unacheka? Ngoja usikie. Upande wa kwanza wa sentensi ulitaja kupunguza ukataji na uharibifu wa misitu. Upande wa pili ulitaja kuhifadhi misitu, kuisimamia vizuri na kuiongeza. India na wenzake waliiona nukta mkato ile kama ukuta: aliyekata sana angelipwa kwa kupunguza, na aliyetunza tangu zamani za mababu angebaki nje akichungulia. Koma ilipoingia, ukuta ukaanguka na pande zote mbili zikawa na uzito mmoja. Ile alama ya kujumlisha unayoiona mwishoni mwa jina REDD+, mpango wa kuzilipa nchi zinazoendelea kwa kutunza misitu yao, ina mizizi yake hapo!

Na herufi moja je, wajua ilivyowakesha watu? Palepale Poznań, ugomvi mwingine ulikuwa juu ya "s". Kwa Kiingereza, herufi hiyo mwishoni mwa neno la "watu" hubadilisha haki: bila "s" ni watu mmoja mmoja tu, ikiwapo ni jamii kamili zenye haki zake kama jamii. Marekani, Kanada, Australia na New Zealand hazikuitaka, na wawakilishi wa jamii za asili wakapaza sauti kwamba bila haki zao hakuna REDD. Miaka miwili baadaye, Cancún nchini Mexico, herufi ikapita. Sisi kwa Kiswahili neno "watu" tayari ni wengi, kwa hiyo vita hivyo vingetupita bila kuviona.

Sasa vuta pumzi, usome jina hili kwa mkupuo mmoja: Tamko Lenye Mamlaka Lisilofunga Kisheria la Kanuni za Makubaliano ya Dunia juu ya Usimamizi, Uhifadhi na Maendeleo Endelevu ya Misitu ya Aina Zote. Hilo ndilo jina kamili la hati ya misitu iliyotoka Rio de Janeiro mwezi Juni 1992! Umeona maneno ya mwanzo yanavyovutana? Lina mamlaka, halafu halifungi.

Na yale maneno matatu ya mwisho, "ya aina zote", yana hadithi yake. Mwaka 1990 viongozi wa nchi saba tajiri, wakiwa Houston, Marekani, walitaka dunia iwe na mkataba wa misitu. Malaysia na India zikasimama kidete: mbona mnatazama misitu yetu ya nchi za joto peke yake, na ile ya kaskazini kwenye theluji haikatwi? Ndiyo maana hadi leo, hati nyingi za Umoja wa Mataifa kuhusu misitu hutaja misitu ya aina zote, kuanzia ya Kongo hadi ya Siberia. Mimi nawapa haki kabisa.

Je, wajua kwamba tabianchi ina mkataba wake, bioanuwai ina wake, hata jangwa lilipata wake mwaka 1994, lakini misitu haina? Ndiyo, hadi leo haina! Baada ya Rio walikaa kamati moja, wakaikalia nyingine, wakatoka na mapendekezo takribani 270. Oktoba 2000 likaundwa Jukwaa la Umoja wa Mataifa la Misitu, ambalo wanachama wake ni nchi zote za Umoja huo, 193, bila kubagua hata zile ambazo msitu wake ni wa kuhesabu kwa vidole.

Jukwaa hilo likaandaa hati ya misitu yote ya dunia, na Baraza Kuu likaipitisha tarehe 17 Desemba 2007. Toka Rio, hesabu mwenyewe: miaka 15! Mtoto aliyezaliwa wiki ya mkutano wa Rio alikuwa tayari yuko sekondari. Na hati yenyewe bado ni ya hiari, hakuna wa kushtakiwa kwa kuivunja.

Unajua kinachochelewesha? Mabano. Katika rasimu za mazungumzo haya, kila neno ambalo hata nchi moja haijalikubali hufungiwa ndani ya mabano ya mraba, kama mbuzi zizini. Kazi ya usiku kucha ni kuwafungulia mbuzi hao mmoja mmoja, na kanuni ni kwamba hakuna kilichokubaliwa mpaka vyote vikubaliwe. Neno moja likibaki ndani, wote wanabaki ukumbini.

Wala usidhani ni nchi za Kusini peke yake zinazoshindwa kupatana. Mwaka 2011, huko Oslo, mawaziri wa Ulaya walikubaliana kuandika mkataba wa misitu ya Ulaya wenye nguvu ya kisheria. Wakazungumza miaka miwili. Mwaka 2013 mazungumzo yakaisha bila mkataba, na hao ni majirani wanaopakana uzio kwa uzio!

Haya, tuingie patamu. Nikikuuliza msitu ni nini, utasema ni miti mingi, sivyo? Kwa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayozidi mita 5, na ambalo majani ya miti hiyo yanafunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Nusu hekta ni ndogo kuliko uwanja wa mpira! Na asilimia 10 maana yake unaweza kusimama katikati ya "msitu", ukatazama juu, ukaona mbingu zaidi kuliko matawi.

Shika na hili. Shamba la mpira ni msitu. Shamba la michikichi ya mawese si msitu. Mwanzi, ambao wataalamu wa mimea wanauweka kwenye ukoo wa nyasi, unahesabiwa kuwa msitu ukitimiza urefu na kivuli. Na eneo lililofyekwa likabaki kipara, kama linatarajiwa kuota tena ndani ya miaka mitano, nalo kwenye vitabu ni msitu! Hebu fikiria: unapita na basi, unaona visiki vitupu, na kwenye takwimu unapita msituni.

Bado hujashangaa? Mwaka 2001, mjini Marrakesh, waandishi wa kanuni za Itifaki ya Kyoto ya tabianchi waliachia kila nchi ichague yenyewe. Eneo la chini kabisa lingeweza kuwa hekta moja, au hekta 0.05. Hekta 0.05 ni mita za mraba 500, yaani kiwanja cha nyumba yako! Urefu wa mti ungeweza kuanzia mita 2, kimo cha mlango wa chumbani.

Kanuni hizo hizo za Kyoto zilikuwa na jambo lililoniuma nilipolijua. Nchi maskini ingeweza kulipwa kwa kupanda miti kwenye ardhi tupu, lakini kwa kuulinda msitu uliosimama tangu enzi za babu wa babu haikulipwa hata senti. Mwaka 2005, huko Montreal, nchi mbili, Papua New Guinea na Costa Rica, zikasimama zikasema hapana, anayepunguza ukataji naye alipwe. Kutoka kwa nchi hizo mbili ndiko wazo la REDD lilikoanzia.

Na Papua New Guinea hiyo hiyo, unajua ilifanya nini Bali? Mkutano ulikuwa umepitiliza siku nzima, macho mekundu, katibu mtendaji wa mkataba wa tabianchi, Yvo de Boer, alibubujikwa na machozi mbele ya wajumbe, na Marekani ilikuwa imekataa kukubali. Mjumbe wa Papua New Guinea, Kevin Conrad, akachukua kipaza sauti, akaiambia Marekani kwamba kama haitaki kuongoza basi iwaachie wengine, na itoke njiani. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Dakika chache baadaye Marekani ikasema inajiunga na wenzake! Nchi ya visiwa na milima, ambayo watu wengi hawawezi kuionyesha kwenye ramani.

Tuhesabu kidogo, usichoke. Kwa tathmini ya FAO ya mwaka 2025, dunia ina hekta bilioni 4.14 za misitu, karibu theluthi moja ya nchi kavu yote. Nchi tano tu, yaani Urusi, Brazili, Kanada, Marekani na China, zinashika zaidi ya nusu ya misitu hiyo. Urusi peke yake ina karibu moja ya tano! Sasa unaelewa kwa nini mmoja wao akinuna mezani, wote wananyamaza kumsikiliza.

Kati ya 2015 na 2025, dunia ilikata misitu hekta milioni 10.9 kila mwaka. Rwanda yote, milima na maziwa yake, ni hekta milioni 2.6. Yaani Rwanda nne kila mwaka zinafyekwa! Kwa dakika moja ni hekta 20 hivi, karibu viwanja 29 vya mpira, na wewe tangu uanze kusoma hapa umekaa dakika ngapi?

Mwaka 2017 mataifa yalijiwekea shabaha mpya: malengo 6 yenye vipengele 26, na kubwa kuliko yote ni kuongeza misitu ya dunia kwa asilimia 3 ifikapo 2030. Asilimia 3 inasikika kama chenji ya mkate. Ni hekta milioni 120, eneo kubwa kuliko Tanzania yote pamoja na maziwa yake.

Halafu Novemba 2021, huko Glasgow, viongozi wa nchi zaidi ya 140 wakaahidi kusimamisha na kugeuza upotevu wa misitu ifikapo mwaka huo huo wa 2030. Nchi zilizotia saini zilikuwa na zaidi ya asilimia 90 ya misitu yote duniani, Kongo ikiwamo! Haikupita hata wiki, waziri wa misitu wa Indonesia akasema wazi kuwa kuilazimisha nchi yake isikate kabisa ifikapo 2030 si haki.

Tuongee fedha sasa, maana hapo ndipo watu hukaa wima. Je, wajua deni la nchi liliwahi kugeuka msitu? Mwaka 1987 Bolivia ilikuwa inadaiwa, na shirika moja la uhifadhi likanunua deni lenye thamani ya dola 650,000 kwa dola 100,000 tu, kisha likalifuta. Bolivia nayo ikaahidi kulinda hekta takribani milioni moja na nusu za eneo la Beni. Hilo lilikuwa badilishano la kwanza la namna hiyo duniani!

Norway, nchi ya baridi na mafuta, iliahidi Brazili hadi dola bilioni 1 mwaka 2008, kwa sharti la malipo kufuata matokeo. Mwaka 2010 ikaiahidi Indonesia bilioni 1 nyingine. Mwaka huo huo wa 2008 iliiahidi Tanzania kroni milioni 500 kwa kazi za misitu na tabianchi. Na mwaka 2021 Gabon, ambayo karibu asilimia 90 ya ardhi yake ni msitu, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kulipwa kwa matokeo: dola milioni 17.

Na je, inawezekana kweli kupunguza ukataji, au ni maneno ya mikutano? Tazama Brazili. Mwaka 2004 Amazon ya Brazili ilipoteza kilomita za mraba 27,772. Mwaka 2012 ilipoteza 4,571. Zaidi ya asilimia 80 iliyeyuka ndani ya miaka minane, kwa setilaiti, polisi wa misitu, hifadhi mpya na nia ya serikali! Nikikutana na mtu anayesema haiwezekani, namtajia namba hizo mbili, basi.

Lakini ahadi nazo hukauka. Mwaka 2007 Ecuador iliiambia dunia: chini ya msitu wetu wa Yasuní kuna mafuta, tupeni dola bilioni 3.6, nusu ya thamani yake, nasi tutayaacha ardhini milele. Hadi mwaka 2013 zilikuwa zimeingia dola milioni 13 hivi. Kwa kila dola iliyoombwa, haikufika hata nusu senti! Basi sikia mwisho wake: Agosti 2023 wananchi wa Ecuador walipiga kura wenyewe, na takribani asilimia 59 wakasema mafuta yabaki chini. Walichokataa matajiri kukilipia, wenye msitu wakakiamua bure.

Novemba 2025, mjini Belém, kwenye mlango wa Amazon, Brazili ilizindua mfuko mpya wa misitu ya nchi za joto. Mpango ni kulipa kama dola 4 kwa kila hekta iliyosimama, kila mwaka, na angalau moja ya tano ya malipo iende kwa jamii za asili na wenyeji. Dola 4 ni zaidi kidogo ya shilingi 500 za Kenya, au kama elfu kumi za Tanzania. Kwa hekta nzima, kwa mwaka mzima! Wewe ungekubali?

Turudi nyumbani kwetu Afrika. Wajua kwamba chini ya msitu wa Kongo kuna hazina ambayo ukubwa wake haukujulikana mpaka juzi? Januari 2017 wanasayansi walitangaza kwamba vinamasi vya katikati ya bonde hilo, vinavyogawanywa na Kongo zote mbili, vimekalia matabaka ya mboji yenye eneo la kilomita za mraba 145,500. Ni eneo kubwa kuliko Malawi yote! Humo mmehifadhiwa kaboni tani bilioni 30 hivi, sawa na ile inayotolewa na dunia nzima kwa kuchoma mafuta, gesi na makaa ya mawe kwa miaka mitatu. Machi 2018 nchi hizo mbili na Indonesia zikakutana Brazzaville na kutangaza kuilinda mboji hiyo.

Kuna shirika la kimataifa la mbao za nchi za joto, makao yake Yokohama, Japani, na upigaji kura wake ni wa ajabu. Nchi zinazozalisha mbao zina kura 1,000 kwa pamoja, na nchi zinazonunua zina kura 1,000. Fungu la Afrika hugawanywa sawa kwa sawa: Kongo yenye misitu ya kutembea wiki nzima bila kuona jua inapata kura sawa na Togo!

Machi 1999, mjini Yaoundé, marais wa Afrika ya Kati walitia saini azimio la kuilinda misitu yao kwa pamoja, na leo chombo chao kina nchi 10. Burundi na Rwanda zimo, ingawa kwa ramani ya watu wengi hizo ni nchi za Afrika Mashariki. Msitu haukusoma ramani hizo.

Na Rwanda hiyo, usiione ndogo. Mwaka 2011, ilikuwa ya kwanza Afrika kuahidi hadharani kurudisha uoto kwenye ardhi iliyochoka: hekta milioni 2. Nchi nzima ni hekta milioni 2.6! Ni kama mtu mwenye nyumba ya vyumba vinne akisema atakarabati vitatu kwa mpigo.

Ukisikia Azimio la Zanzibar, utakumbuka siasa za mwaka 1991. Lipo jingine! Septemba 2015, mjini Durban, nchi za Kenya, Tanzania, Uganda, Msumbiji na Madagaska zilitia saini Azimio la Zanzibar dhidi ya biashara haramu ya mbao na mazao mengine ya misitu. Gogo linalovuka mpaka usiku sasa lina majina matano yanayolitafuta.

Mikoko nayo ni msitu, usiidharau kwa matope yake. Boriti zake zilivuka bahari kwa majahazi karne na karne hadi Oman na Ghuba, zikaezeka nyumba za kule, na upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti! Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Leo, katika Ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 na kuuza kaboni yake nje, tani 3,000 hivi kwa mwaka, na fedha zinaingia kwenye maji ya kunywa na vitabu vya shule. Mkoko ule ule, safari hii unalipa ukiwa umesimama.

Wajua makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa yako wapi? Gigiri, Nairobi, pembeni mwa msitu wa Karura! Wajumbe wanaoruka kutoka pande zote za dunia kuja kujadili misitu wanalala jirani na msitu uliokaribia kuuzwa viwanja. Januari 1999 Wangari Maathai alikwenda Karura kupanda mti kupinga uuzaji huo, akapigwa kichwani mpaka damu ikatoka. Msitu ulibaki, hekta 1,000 hivi, na watu wanatembea humo kila Jumapili na watoto wao.

Huyo mama alianzisha harakati zake za kupanda miti mwaka 1977, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alipoambiwa kuna kampuni inataka kupanda miti milioni moja, alijibu kuwa ni vizuri, ila kinachohitajika ni bilioni. Novemba 2006, Nairobi, kampeni ya miti bilioni ikazinduliwa, na kabla ya mwaka 2007 kwisha bilioni ilikuwa imepita! Kila nikisimulia hapa sauti hunibadilika.

Kunywa kahawa yako taratibu, nayo imo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria juu ya bidhaa saba: kahawa, kakao, soya, mawese, mpira, ng'ombe na mbao. Kahawa iliyotoka kwenye shamba lililofyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020 isiingie Ulaya. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini ukianza, mkulima wa Kagera au Kilimanjaro, hata kama ana migomba na mibuni ya robo eka, shamba lake litahitaji alama yake kwenye ramani.

Sasa nenda chumbani ukatazame kitanda. Ni cha mninga? Basi wajua kwamba mti wa kitanda chako ulijadiliwa Panama? Novemba 2022, nchi wanachama wa mkataba wa CITES, ule uliotiwa saini mwaka 1973 na ambao wengi tunaujua kwa tembo na faru, zilikutana Jiji la Panama na kuiingiza kwenye orodha ya kudhibitiwa jamii yote ya mninga wa Afrika. Mkongo, ambao Pwani tunauita mbambakofi, nao ukaingia. Mkangazi nao! Seremala wa Keko au Gikomba hahitaji kibali cha CITES kukutengenezea kabati, lakini mbao hizo zikitaka kuvuka mpaka, lazima serikali ithibitishe kwamba uvunaji wake hauimalizi miti iliyobaki. Na nikudokeze: katika orodha za CITES, mimea ni mingi mno kuliko wanyama, zaidi ya spishi 30,000.

Msandali wetu uliingia tangu 2013, mkutano wa Bangkok, na walioutetea walitaja nchi sita kwa majina: Burundi, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Uganda na Tanzania. Mti ambao Brazili ilipata jina lake kutoka kwake, unaotengeneza fimbo za kupigia fidla, uliingia mwaka 2007. Nchi nzima imebatizwa kwa mti, halafu mti wenyewe unaombewa kibali!

Nimeuacha mpingo mpaka sasa kwa makusudi. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba ukitupa kipande chake majini kinazama kama jiwe. Wamakonde wanauchonga, na huko Ulaya na Marekani mafundi wanautengenezea klarineti na oboe, kwa sababu hawajapata mti mwingine wenye sauti ile. Mwaka 2016, mjini Johannesburg, ukoo mzima wa mpingo, spishi kama 300, uliingizwa CITES kwa mkupuo mmoja, sababu kubwa ikiwa ni mahitaji ya samani za mbao nyekundu nchini China. Kuanzia tarehe 2 Januari 2017, klarineti ya dukani ilihitaji karatasi ili kuvuka mpaka!

Wapiga muziki wa dunia walishtuka, watengenezaji nao, wakaanza kwenda mikutanoni kujieleza. Mkutano uliofuata ulipangwa Colombo, Sri Lanka, ukahamishiwa Geneva baada ya mabomu ya Pasaka ya 2019, na huko Agosti mwaka huo nchi zikakubali: ala ya muziki iliyokwisha kutengenezwa ipite, gogo na ubao vibaki na kibali. Nadhani walipima vizuri. Klarineti moja ni kipande cha mti. Kontena moja la magogo ni kilima kizima.

Na wajua wanakijiji wa Kilwa walifika kabla ya wote hao? Mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu, kwa misitu ya asili wanayoisimamia wenyewe, cha kwanza cha namna hiyo kwa jamii za vijijini barani Afrika, na mpingo ukiwa ndiyo mti wao wa fahari. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mche uliochipua Kilwa wiki ile ya Rio, Juni 1992, leo uko hai, una miiba, una majani madogo yanayopukutika kiangazi, na bado haujafika nusu ya safari ya kuwa klarineti.